GParted na Wenye Maarifa ya Ndani

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, pale Morogoro chini ya milima ya Uluguru, ambaye Windows imeimiliki diski yake yote ya gigabaiti 500, naye ataka kuiweka Linux kando yake pasipo kuipoteza tasnifu aliyoihangaikia, hana budi kutafuta chombo cha kugawa diski. Na aghalabu chombo hicho huwa ni GParted. Kwa macho kazi ni nyepesi: huvuta ukingo wa mstatili kwa kipanya, hutoa idhini, akangoja. Lakini ndani ya tendo hilo moja mna kazi mbili zilizo mbalimbali kabisa, na ustadi wa GParted, ambao ndio muradi wa uchambuzi huu, ni kule kuzitenga na kuikabidhi kila moja kwa mwenye kuijua.

Kazi ya kwanza ni ya mipaka. Mwanzoni mwa diski huandikwa jedwali lielezalo kila patisheni yaanzia wapi na yakomea wapi: ama lile la zamani la MBR, lenye nafasi ya patisheni kuu 4 tu na ambalo, kwa sekta za baiti 512, haliwezi kuvuka tebibaiti 2, ama lile jipya la GPT, ambalo kwa kawaida lina nafasi 128 na nakala ya akiba mwishoni mwa diski. Kazi ya pili ni ya yaliyomo. Mfumo wa mafaili, uwe NTFS, ext4, FAT32 au XFS, una madaftari yake ya ndani yanayoonyesha faili lipi limehifadhiwa wapi, na jedwali la mipaka halina habari nayo hata chembe. Kwa hiyo kupunguza patisheni kuna taratibu isiyopinduliwa: sharti mfumo wa mafaili ufinywe kwanza, na vilivyo karibu na mwisho vihamishiwe ndani, ndipo mpaka usogezwe, ilhali katika kuongeza mpaka hutangulia na mfumo ukafuata. Atakayeusogeza mpaka kabla ya kufinya, amejikatia mafaili yake kwa mkono wake.

GNU Parted, chombo kilichoanzishwa na Andrew Clausen na Lennert Buytenhek, kilijaribu kuzibeba kazi zote mbili. Ndani ya maktaba yake, libparted, waliandika maarifa yao wenyewe juu ya ext2, FAT na mifumo mingine michache. Na kwa muda mambo yalikwenda. Lakini ext2 ilikua ikawa ext3, ikavaa sifa mpya, na Parted, isiyozitambua sifa hizo, ikawa yakataa kubadili ukubwa wa patisheni ambazo vifaa vya ext vyenyewe vilizibadili bila taabu. Mwaka 2011, katika toleo 3.0, amri zilizohitaji kuujua mfumo wa mafaili kwa undani ziliondolewa, toleo 3.1 la mwaka 2012 likarudisha, kwa njia ya maktaba ya kando, kubadili ukubwa wa FAT na HFS tu.

Wakazi wa Uluguru wanaijua kwa njia nyingine hasara ya kuamuliwa mambo na wasio na maarifa ya ndani. Mpango wa matumizi ya ardhi uliotiliwa nguvu na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1950 uliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko ambayo udongo wake wenye rutuba ni mwembamba, hata uchimbaji ukaufukua udongo wa chini usiozaa. Na ghasia za mwaka 1955 ndizo zilizouangusha. Walioamuru waliujua mteremko, ila udongo ulijuliwa na wenye jembe.

GParted, iliyoanzishwa na Bart Hakvoort mwaka 2004 na baadaye kusimamiwa na Curtis Gedak, ilichukua njia tofauti na ile ya Parted. Mipaka huiachia libparted. Ya ndani, kwa sehemu kubwa, huwaachia wenyewe: ext4 huenda kwa e2fsprogs, NTFS kwa ntfs-3g, XFS kwa xfsprogs, Btrfs kwa btrfs-progs. Vifaa hivi vikijifunza sifa mpya, GParted hufaidi pasipo kuandikwa upya.

Uaminifu wa mpango huu waonekana katika dirisha lake la uwezo wa mifumo ya mafaili, ambalo hupanga kila mfumo na kila tendo — kuunda, kuongeza, kupunguza, kuhamisha, kukagua — pamoja na programu inayotakiwa. Mbele ya XFS, kuongeza kumekubaliwa na kupunguza kumekataliwa, na kosa si la GParted, kwani XFS yenyewe haikujengwa kwa kupunguzwa. Mbele ya NTFS, kukataliwa aghalabu maana yake ni kwamba ntfs-3g haijasakinishwa tu. Ikisakinishwa na dirisha likakagua upya, alama hugeuka.

Aibu ya njia hii nayo isifichwe. GParted ile ile yaweza kuwa na uwezo mmoja katika kompyuta hii na mwingine katika ile, na jambo likiharibika, sababu imeandikwa kwa lugha ya kifaa kilichoitwa, ndani ya maelezo ambayo wengi huyafunga bila kuyasoma. Mwanafunzi wetu, mathalan, atakataliwa ikiwa Windows ilizimwa nusunusu kwa ajili ya kuwaka haraka. Akiizima kikamilifu, GParted itaiagiza ntfsresize, kifaa cha ntfs-3g, ifanye kazi kwa majaribio kwanza, isiandike kitu, kisha ndipo ifanye kweli. Na afadhali aufinye mwisho wa patisheni kuliko kuuhamisha mwanzo wake, maana kuhamisha mwanzo ni kunakili data yote, na umeme ukikatika katikati yaliyomo huweza kuangamia. Nakala ya akiba, basi, ni faradhi.

Hukumu yangu ni kwamba dirisha lile lisomwe kabla ya diski kugawanywa, wala si baada ya kukwama. Anayechagua XFS leo amekwisha kuamua kwamba patisheni hiyo haitapungua kesho. Na kwa kompyuta ndogo yenye diski moja, ambamo mahitaji hubadilika kila muhula, ext4, inayokubali kuongezwa na kupunguzwa, ndiyo salama zaidi.