Kiapo Pasipo Imani

Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, kifungu cha 16, lamruhusu Mkristo kuapa serikali inapomtaka. Je, asiyeamini ashurutishwe? Mwaka 1880 Charles Bradlaugh, mkana Mungu, alichaguliwa na watu wa Northampton kuwa mbunge wa Uingereza. Aliomba kutoa ahadi badala ya kiapo, akakataliwa. Alipokubali kuapa, akazuiwa kwa kuwa haamini. Aliketi bungeni mwaka 1886, na sheria ya 1888 ikawaruhusu wabunge kuahidi. Waliompinga walidai kulilinda Jina la Mungu. Twauliza: kama kiapo chake kingalikuwa kufuru, mbona walimnyima ahadi? Amri ya pili yatukataza kulitaja bure Jina hilo. Basi tusimlazimishe mwingine kulitaja hivyo.