Joto na Halijoto: Maneno Mawili kwenye Kiti Kimoja

Kamusi zetu za sayansi zilikwisha kutenganisha joto na halijoto miaka mingi iliyopita. Hata hivyo, katika miswada ya vitabu na tafsiri za maelekezo ya kazi, joto lingali likibeba mzigo wa maneno yote mawili, na halijoto imekuwa kama mgeni aliyekaribishwa kisha akaachwa barazani. Wako wanaouliza: ubaya uko wapi, maadamu tunaelewana? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hatuelewani, ila tunadhani tunaelewana.

Tuchukue mfano wa Matema, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, chini ya Milima ya Livingstone. Mahali hapo pana mwinuko wa karibu mita 475 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo maji ya chai huchemka kabla kidogo ya kufikia nyuzi 100 za sentigredi, yaani kwenye nyuzi 98 hivi. Tuseme maji ya ziwa ufukweni yako kwenye nyuzi 27. Lita moja ya maji ya birika, ikipoa mpaka kulingana na ziwa, itatoa joto la kilojuli 300 hivi. Sasa yateke maji ya ziwa madebe manne, yaani kama lita 80, uyapoze kwa uzijoto mmoja tu: yatatoa kilojuli zipatazo 335. Birika linaunguza mkono, madebe hayamdhuru mtoto. Lakini madebe ndiyo yaliyotoa joto jingi zaidi. Halijoto hueleza kitu kina moto kiasi gani, bila kujali wingi wake. Joto ni nishati inayohama kutoka penye halijoto ya juu kwenda penye halijoto ya chini, na wingi wa kitu huhesabiwa. Aliye na neno moja tu hawezi hata kuueleza mfano huu.

Adhuhuri mchanga wa ufuko huo huchoma nyayo ilhali maji yaliyo hatua mbili mbele yanaburudisha, na jua ni lile lile. Kilo moja ya mchanga mkavu huhitaji kama sehemu moja ya tano tu ya joto linalohitajiwa na kilo moja ya maji ili kupanda uzijoto mmoja. Tena Wakisi wa Ikombe, ambao vyungu vyao huuzwa katika soko la Lyulilo, wanatupa somo jingine. Maji hupenya taratibu kwenye ngozi ya chombo cha udongo na kuvukiza nje. Mvuke huchukua joto, na halijoto ya maji yaliyobaki hushuka chini ya ile ya hewa. Mwalimu anayetafuta kifaa cha maabara asilalamike kwamba hana wakati mtungi anao nyumbani.

Kipimo kikali zaidi cha istilahi hizi ni barafu. Barafu inayoyeyuka hupokea joto, kilojuli 334 kwa kila kilo, lakini halijoto yake hubaki kwenye sifuri mpaka chembe ya mwisho iyeyuke. Iandike sentensi hiyo kwa mtindo wa wale wanaopinga halijoto: “Barafu hupokea joto lakini joto lake haliongezeki.” Msomaji atadhani mpiga chapa amekosea. Na huu si mchezo wa darasani. Kisanduku cha kubebea chanjo hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo, na chanjo nyingi hutakiwa kuwekwa kati ya nyuzi 2 na 8. Mhudumu aliyeandikiwa tu “zuia joto” anaweza kuibananisha chupa na barafu iliyoganda vibaya, akidhani baridi ikizidi ndiyo salama. Na ziko chanjo zinazoharibika zikiganda. Anachopaswa kuambiwa ni halijoto, kwa mpaka wa chini na wa juu.

Wapo wanaokwepa ugomvi kwa kuandika “kiwango cha joto”, kama tunavyosikia katika taarifa za hali ya hewa. Kwa maoni yangu hilo ni suluhisho dhaifu. Kiwango ni kimo, lakini pia ni kiasi. Na kiasi cha joto ndicho hasa tusichotaka kusema. Jotoridi lina sifa moja njema: umbo lake linaunganisha joto na baridi, hivyo hata nyuzi zilizo chini ya sifuri zinaingia humo bila kusukumana. Lakini halijoto hufafanulika kwa mtu asiyeijua, kwani ni hali, si kitu cha kumiminwa. Mimi naichagua hiyo.

Vitenzi vitusaidie. Halijoto hupanda, hushuka, hulingana. Joto huingia, hutoka, huhama, hupotea. Mwandishi akiona ameandika “joto limepanda hadi nyuzi 30”, na arekebishe. Kipimajoto tukiache kama kilivyo ingawa hupima halijoto. Jina la Ulaya la chombo hicho nalo limetoka katika neno la Kigiriki la joto. Wala sidai kwamba muuza samaki aseme “leo halijoto imezidi”. Sokoni joto linatosha.

Darasani halitoshi. Mtoto wa shule yetu ya msingi husoma sayansi kwa Kiswahili, kisha akifika sekondari hukutana na maneno mawili ya Kiingereza. Ikiwa alifundishwa neno moja, atayabandika yote mawili juu ya wazo moja. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba, aliona maziwa yake ya moto yakiganda kabla ya yale yaliyotangulia kupoa. Mwaka 1969 yeye na Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walilichapisha jambo hilo, na wataalamu bado wanabishana juu yake. Ajabu iko hapa: maziwa yenye halijoto ya juu hupaswa kutoa joto zaidi kabla ya kuganda, na bado yanasemwa kutangulia. Mwalimu ajaribu kuwaeleza wanafunzi wa darasa la saba ajabu hiyo kwa kutumia joto peke yake, aone atafika wapi.