Somo linalomsikiliza mpinzani

Katika sekondari nyingi za Marekani, vijana wanaokaribia umri wa kupiga kura wanaweza kusoma serikali na siasa kwa kiwango cha chuo kikuu. Nalipongeza somo hilo, hasa kwa kuwa halimsahau aliyeshindwa.

Miongoni mwa nyaraka tisa za lazima, pamoja na Katiba na barua aliyoiandika Martin Luther King jela huko Birmingham mwaka 1963, imo makala ya mtu aliyejiita Brutus. Mwaka 1787 aliipinga Katiba hiyohiyo, akihofia serikali kuu itazimeza serikali za majimbo. Katiba ilipita. Hata hivyo mwanafunzi wa leo sharti amwelewe Brutus barabara, sawa na anavyomwelewa James Madison, mtetezi wa Katiba. Nchi ngapi humpa mpinzani nafasi hiyo darasani?

Kisha zipo kesi. Ninayoipenda ni ya Mary Beth Tinker, binti wa miaka 13 aliyekwenda shule Desemba 1965 amevaa kitambaa cheusi mkononi kupinga vita vya Vietnam, akasimamishwa masomo. Mwaka 1969 Mahakama ya Juu ilimpa ushindi, majaji saba kwa wawili. Mwanafunzi akiisoma anajikuta yeye mwenyewe ndani ya sheria.

Mtihani huwa Mei. Maswali 55 ya kuchagua jibu kwa dakika 80 hayanivutii. Mbio tu hizo. Insha ndiyo kazi: utetee msimamo wako kwa ushahidi, halafu uitaje hoja ya upande wa pili na kuijibu.