Komeo la Juu: Jinsi W. W. Jacobs Anavyotisha Bila Kuonyesha

Anayebisha hodi mwishoni mwa “The Monkey's Paw” hakuna msomaji aliyewahi kumwona. Hadithi hiyo ya W. W. Jacobs ilitoka mwaka 1902, na hadi leo wanaoisimulia husema inahusu maiti iliyorudi kwao usiku. Ifungue uitafute hiyo maiti. Haimo.

Sajini aliyetumika India anawatembelea akina White akiwa na mkono mkavu wa tumbili unaotimiza maombi matatu. Anautupa motoni, mzee White anauopoa. Mzee hana shida ya kumkosesha usingizi, kwa hiyo mwanawe Herbert anamchagulia ombi kwa mzaha: pauni 200, deni la nyumba liishe.

Kesho yake mtu nadhifu mwenye kofia mpya anasitasita nje. Mara tatu anasimama getini na kupita; mara ya nne anaingia. Mama anamkaribisha kwa unyenyekevu, maana akilini ana zile pauni. Kumbe katoka kiwandani. Herbert kanaswa na mashine. Kampuni haikubali lawama, ila kwa kuthamini utumishi wa kijana inatoa kifuta machozi. Kiasi gani? Jibu limewekwa mwishoni kabisa mwa sehemu hiyo: pauni 200.

Huu ni ufundi wa mchekeshaji. Jacobs, mtoto wa msimamizi wa gati huko Wapping, London, alikuwa karani wa benki ya akiba ya Posta hadi 1899, na jina alilipata kwa vichekesho vya mabaharia. Alijua kupanda neno mapema, kulifunika kwa maongezi, kisha kulifukua wakati wake. Safari hii linalofukuliwa halichekeshi. Tena hakuna muujiza wa kushika mkononi: ajali za viwandani zilikuwepo, na fidia pia.

Ombi la pili ni la mama: mwanawe arudi. Hapa mwandishi mwenye pupa angetumwagia damu. Jacobs anampa mzee kauli moja ya kusitasita, kwamba alimtambua kijana kwa nguo tu. Basi. Kimya kinapita, halafu hodi, na mama anakumbuka kwamba makaburini ni mwendo wa maili mbili. Ndiyo maana kachelewa. Kwangu mimi hiyo ndiyo kauli ya kutisha kuliko zote, kwa sababu ni hesabu ya mama anayemsubiri mtoto wake kama siku nyingine yoyote.

Kisha mlango. Mnyororo unatoka, komeo la chini linafunguka, la juu mama halifikii. Anaburuta kiti. Mzee yuko chumbani juu, gizani, anapapasa sakafuni akiutafuta mkono wa tumbili. Kwa hiyo na sisi tunabaki na masikio tu. Ombi la tatu halikuandikwa. Tunaambiwa kaliomba, hodi zinakatika, mlango unafunguliwa, barabara ni tupu. Asiyeamini uchawi naye kaachiwa njia ya kutokea.

Mwaka 1903 Louis N. Parker aliigeuza kuwa tamthilia, ikachezwa London. Haikuhitaji mtu wa kujipaka unga na kujifanya mfu: mlango, kiti, na mtu wa kugonga nyuma ya jukwaa vilitosha.