Kurithisha na Kudumu: Uhakiki wa Istilahi za Vigeu vya Mazingira

Toleo la saba la Unix, la mwaka 1979, lilileta utaratibu ambao mifumo ya jamii yake, Linux ikiwamo, ingali ikiutumia. Kila mchakato unapoanzishwa hukabidhiwa orodha ya majina na thamani zake, mathalani PATH, HOME na LANG. Orodha hiyo huitwa mazingira, na kila jina ni kigeu. Yafaa tuzipime istilahi tatu zinazohusika.

Kwanza, 'mazingira'. Huenda mtumishi wa serikali akafikiria misitu na vyanzo vya maji. Hata hivyo shina lake ni 'zingira', na orodha hiyo huuzingira mchakato kwelikweli. Neno libaki.

Pili, amri ya 'export'. Mfasiri anayetegemea kamusi ya biashara ataandika kuwa amri hii 'husafirisha nje' kigeu. Kosa hilo si dogo. Kigeu hubaki kilipo, na michakato inayozaliwa baadaye hupewa nakala. Msomaji atadhani kuwa hata programu zilizokwisha kuanza zimepata thamani mpya. Tunapendekeza 'kurithisha'. Itasemwa kuwa urithi hufuata kifo. Lakini mtoto hurithi sura ya mzazi aliye hai, na akinyoa nywele zake, za mzazi hazipungui. Kadhalika mchakato mwana ukibadili nakala yake, ya mzazi haiguswi.

Tatu, 'kigeu cha kudumu'. Hapa ndipo penye hatari zaidi, maana kigeu hufa pamoja na mchakato wake. Kinachodumu ni mstari ulioandikwa katika faili, nao husomwa upya. Mstari wa ~/.profile husomwa mtumiaji aingiapo kwenye seva. Huduma zianzishwazo na systemd wakati seva inapowaka haziisomi faili hiyo. Vigeu vyake hutajwa katika faili ya huduma yenyewe. Fundi aliyeahidiwa 'kudumu' ataandika anwani ya hifadhidata katika ~/.profile, seva itawashwa upya, na huduma haitaiona. Lawama itamwangukia fundi, ilhali aliyempoteza ni mfasiri.

Kwa hiyo tunashauri mfasiri aseme wazi: 'kigeu kiwekwacho kila mtumiaji aingiapo', au 'kila huduma ianzapo'. Maneno yataongezeka, lakini msomaji atajua faili ya kufungua. Amri na majina ya faili yasifasiriwe kamwe.