Hati ya Shamba Iko kwa Nani? Filamu Mbili Kuhusu Mlima

Kama unaishi Nyeri na unataka kutazama filamu kuhusu Nyeri, jipange. Muvi za Kichina zilizotafsiriwa na DJ Afro zimejaa kila duka, na series za Kikorea utawekewa kwa flashi kwa pesa kidogo tu. Lakini ulizia filamu kuhusu Dedan Kimathi uone. Jamaa wa duka aliniangalia, akafikiria, kisha akaniuliza, "Ni ya action?"

Si ya action. Mwezi huu nimetazama filamu mbili za hali halisi kuhusu ardhi ya huku kwetu, moja ya upande wa Nyeri, nyingine ya upande wa Nanyuki na Laikipia. Nimezitazama kwa laptop usiku, earphone masikioni, na tangu hapo nimekuwa nikibishana nazo kichwani. Moja nimeipenda sana. Nyingine nimeikubali, lakini kuna mahali imeniudhi.

Ninayoipenda ni *Our Land, Our Freedom*, ya Zippy Kimundu na Meena Nanji. Ilionyeshwa mara ya kwanza Novemba 2023 kwenye tamasha la IDFA, kule Amsterdam. Inamfuata Wanjugu Kimathi, binti wa Dedan Kimathi, akitafuta mahali mabaki ya babake yalipo. Unajua hadithi: Kimathi alikamatwa Oktoba 1956 pembeni mwa msitu, akahukumiwa hapa hapa Nyeri, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Serikali ya mkoloni haikuipa familia mwili. Mkewe, Mukami, aliishi miaka sitini na sita baada ya hapo akiomba kitu kimoja, amzike mumewe. Alifariki Mei 2023, miezi sita kabla filamu haijaonyeshwa. Ukiitazama ukijua hivyo, kila anapotokea kwenye skrini unataka kamera isimwache haraka.

Filamu za mashujaa wetu huwa na tabia ya kutuonyesha sanamu. Kimathi tunamjua kama ile sanamu ya pale Nairobi iliyozinduliwa 2007, ama kama jina la chuo kikuu, ama kama rasta kwenye T-shirt. Hapa tunamwona kama baba wa mtu. Kamera imeandamana na Wanjugu kwa miaka, na hiyo miaka unaiona: mama anazidi kuzeeka, maafisa wanabadilika, jibu ni lile lile. Hakuna haja ya muziki wa kukuambia ulie.

Halafu utafutaji unageuka. Wanjugu anakutana na wapiganaji wa zamani na familia zao, na shida yao kubwa inatajwa tena na tena: hawana ardhi. Filamu iliyoanza na kaburi moja inafika kwa watu ambao wakifa leo hawana shamba la kuzikwa. Kutoka hapo Wanjugu hatafuti mifupa ya babake pekee. Anaanza kuwapigania walio hai. Kwangu mimi hapa ndipo filamu inapata nguvu, na pia hapa ndipo nilitamani ikae zaidi.

Nieleze. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo sina digrii ya historia ya kukutisha nayo. Lakini nimelelewa na cucu aliyekulia ndani ya kijiji cha wakati wa hali ya hatari, vile vijiji vya mitaro na nyaya ambamo zaidi ya watu milioni moja wa Agikuyu, Aembu na Ameru walifungiwa kuanzia 1954. Mwaka huo huo ukaja mpango wa Swynnerton: vipande vya mashamba viunganishwe, vipimwe, watu wapewe hati. Sasa fikiria ni nani aliyekuwepo nyumbani siku ya kupima. Wanaume wengi walikuwa vizuizini ama msituni. Waliokuwepo ni wanawake, watoto, machifu, na ngati, yaani askari wa nyumbani waliosimama na serikali. Wengine walirudi kutoka Manyani na kambi nyingine wakakuta mpaka umehama.

Cucu hakuwahi kunisimulia hayo kwa mpangilio. Alikuwa akitaja tu, tukipita mahali, kwamba hapa palikuwa pa fulani. Halafu anaongea juu ya mahindi.

Ndiyo maana nasema filamu kuhusu Mau Mau ni rahisi ikiwa adui ni mzungu peke yake. Mzungu alikosa, na tunajua: mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilitangaza majuto na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Ukigawanya, kila mzee anapata pesa ambayo hainunui ploti ya maana hapa Nyeri. Lakini angalau yule mdaiwa alijulikana, na alikuwa mbali. Aliyempiga Kimathi risasi siku ile ya kukamatwa alikuwa Mkikuyu, polisi wa kabila. Na baada ya 1963, marufuku dhidi ya Mau Mau iliendelea kukaa kwenye vitabu vya sheria hadi 2003. Hapo katikati tulitawaliwa na marais watatu, hakuna mzungu kati yao.

*Our Land, Our Freedom* inalijua hili. Inauliza waliopigana walipata nini na waliokalia viti walipata nini. Lakini naona inauliza ikiangalia juu, kwa serikali na wakubwa wa Nairobi. Haishuki hadi kwa jirani. Huku kwetu mjukuu wa ngati na mjukuu wa mpiganaji wanakaa benchi moja kanisani, wanapanda matatu za sacco moja, wanaoana, na kuna shamba ambalo hakuna anayetaka kulizungumzia. Ningetoa dakika kumi za mikutano nipate dakika tano za hiyo benchi. Pengine hakuna aliyekubali kuongea mbele ya kamera. Hata hivyo, kukataa kwao kungekuwa sehemu ya hadithi.

Filamu ya pili ni *The Battle for Laikipia*, ya Daphne Matziaraki na Peter Murimi, iliyoonyeshwa Sundance Januari 2024. Hapa tunavuka hadi ng'ambo ile ya mlima, kwenye tambarare baada ya Nanyuki. Upande mmoja kuna wafugaji Wasamburu wanaotafuta nyasi ukame ukizidi. Upande mwingine kuna wazungu wenye ranchi, waliozaliwa hapo, wanaosema hawana nyumbani kwingine. Ng'ombe wanavuka ua, bunduki zinatokea, siasa za uchaguzi zinamwaga petroli.

Kwa picha, hii ni nzuri kuliko ya kwanza, siwezi kudanganya. Vumbi lile unalisikia kooni. Na watengenezaji walipata kitu kigumu: pande zote mbili ziliwaamini kiasi cha kuongea kama hakuna mtu anayerekodi. Kuna wakati mwenye ranchi anaongea juu ya kupenda ile ardhi na unamwamini kabisa, halafu unamwona mfugaji na ng'ombe wake waliokonda, unamwamini pia.

Kilichoniudhi ni mizani. Filamu inagawa muda kwa uangalifu sana, huyu kidogo, yule kidogo, kama refa anayeogopa mashabiki. Lakini mwenye ekari elfu kadhaa na hati, na mwenye ng'ombe wenye njaa, hawaanzii mstari mmoja. Wamaasai walihamishwa kutoka Laikipia kwa mkataba wa 1911 ili wazungu waingie. Ukiijua tarehe hiyo, maneno "tumekuwa hapa miaka mingi" yanabadilika maana.

Na kuna mtu wa tatu ambaye hakupewa nafasi ya kuwa upande: mkulima mdogo. Kina nani? Watu wetu. Waliokosa mashamba Nyeri wakaingia kwa kampuni za kununua ardhi, wakachangishana, wakapata ekari mbili tatu kule Laikipia. Ol Moran ilipowaka Septemba 2021, nyumba zilizochomwa hazikuwa za ranchi kubwa. Huyu mkulima kwa Msamburu ni mvamizi, kwa mwenye ranchi ni kelele za jirani, na kwa Nyeri ni yule mjomba aliyehama. Ndiye anayeunganisha filamu hizi mbili: shamba lililopotea Tetu 1955 linaweza kuwa ndilo lililompeleka mtu Laikipia baadaye, akalale kwenye malisho ya mwingine. Tazama moja pekee na utadhani kuna mwizi mmoja na mwenye mali mmoja. Tazama zote mbili mfululizo na utaona vile aliyenyang'anywa alisukumwa hadi kwa mlango wa mtu mwingine aliyenyang'anywa.

Kwa hivyo uamuzi wangu: *The Battle for Laikipia* imetengenezwa vizuri zaidi, *Our Land, Our Freedom* ina ujasiri zaidi. Nikiambiwa nichague moja ya kuonyesha uwanja wa Ruring'u, pale wapiganaji walipotoka msituni 1963 kusalimisha silaha, ningeleta ya Kimundu na Nanji. Skrini kubwa, spika za kukodi, kiingilio bure. Filamu hizi zilienda Amsterdam na Utah kwanza, na sisi tulio ndani yake tunazitafuta kwa link za kupewa na marafiki.

Ukiipata hiyo link, usitazame peke yako kama mimi. Ita mzee wa nyumbani kwenu, mkalie kochi moja, na uwe tayari kusimamisha kila baada ya dakika chache. Akianza kuongea, rekodi. Akinyamaza na kuuliza kama ng'ombe wamelishwa, hiyo pia iandike, pamoja na mahali filamu ilikuwa imefika.