Kusini kwa Nani? Uhakiki wa Majina ya Kusini katika Kichina na Fasihi Yake

Uhakiki wa fasihi umezoea kuyachunguza majina ya wahusika, lakini majina ya mahali na ya jamii za watu umewaachia wanaisimu na wanahistoria. Mgawanyo huu wa kazi una hasara yake. Jina la mahali ni utungo mfupi: lina msemaji, lina msemwa, na lina pale aliposimama msemaji alipolitamka. Jambo hili linadhihirika wazi katika msamiati ambao Kichina kimejiwekea juu ya kusini, yaani nchi zilizo mbali na bonde la Mto Manjano ambako dola za kale za Uchina zilichipuka. Makala haya yanashikilia kwamba katika msamiati huo kusini si mahali bali ni uhusiano. Na kwamba aliyepewa jina la mtu wa kusini, kila alipopata kalamu au mamlaka, aghalabu alilisukuma jina hilo kwa yule aliyekaa kusini zaidi yake. Ikiwa hoja hii ina ukweli, basi ile kawaida ya kumshangilia mnyonge pindi anapolitwaa jina alilotukaniwa na kujivunia nalo inahitaji kutazamwa upya.

Neno lenyewe, "nan", halina dosari. Mfalme alikaa akielekea kusini, na kutawala kukaitwa kuelekea kusini. Hata dira, ambayo kwa wengine huonyesha kaskazini, kwa Kichina ni sindano ielekezayo kusini, na neno "zhinan", kuelekeza kusini, limekuwa neno la kawaida la mwongozo wa aina yoyote. Lakini huko unakotazama uso wa mfalme wanakaa watu wanaoitwa "man". Herufi ya neno hili hubeba ndani yake alama ya mdudu au nyoka. Xu Shen, ambaye kamusi yake, Shuowen Jiezi, iliwasilishwa kwa mfalme mwaka 121, aliwaeleza man na vilevile Min (jina ambalo hadi leo ni ufupisho wa mkoa wa Fujian) kuwa ni kizazi cha nyoka. Naye Mencius, alipotaka kumdunisha Xu Xing, mwanafalsafa aliyetoka dola ya kusini ya Chu, alimwita man mwenye ulimi wa ndege. Si hoja ya Xu Xing iliyotiwa ila kwanza, bali matamshi yake.

Ni katika dola hiyo ya Chu, kwenye bonde la kati la mto Yangzi, ndiko tunakopata kielelezo cha kwanza cha kulitwaa jina. Sima Qian anasimulia kwamba Xiong Qu, mtawala wa Chu, alijitangaza kuwa yeye ni man, na kwa hiyo hafungwi na taratibu za vyeo za dola za katikati. Kisha akawapa wanawe vyeo vya kifalme. Tusi limegeuzwa hati ya uhuru. Mhakiki wa leo angeliweza kukomea hapa akiwa ameridhika.

Hata hivyo Chu ilituachia pia diwani, Chuci, iliyohaririwa na kufasiriwa na Wang Yi katika karne ya 2. Tafsiri mashuhuri ya Kiingereza, ya David Hawkes, ilitoka mwaka 1959, na katika anwani yake diwani hiyo imeitwa nyimbo za Kusini. Anwani ya Kichina haisemi hivyo. Inasema maneno ya Chu, basi. Kusini ni tafsiri ya mtu anayeitazama Chu kutoka nje, na kosa hili dogo, kama ni kosa, linafundisha mengi: watu wa Chu hawakuwa na haja ya kujiita wa kusini walipokuwa wakijitungia wenyewe.

Je, wao walimwita nani wa kusini? Jibu limo katika shairi la "Zhao hun", Wito wa Roho, ambalo Sima Qian alimnasibisha nalo Qu Yuan, na Wang Yi akamnasibisha nalo Song Yu. Roho iliyotoka mwilini inabembelezwa irudi, na ili irudi inatishwa kwa habari za pande zote: mashariki, kusini, magharibi, kaskazini, mbinguni na kuzimuni. Kusini huko kuna watu waliochanjwa chale kwenye paji la uso, wenye meno meusi, wanaotoa sadaka nyama ya binadamu na kuiponda mifupa yake. Kuna majoka, na mojawapo lina vichwa tisa. Tazama kilichotendeka. Chale, ulaji na nyoka, alama zilezile ambazo waandishi wa kaskazini waliwapachika watu wa Chu na jirani zao, mshairi wa Chu amezichukua zikiwa kamili na kuwapelekea wengine walio mbele zaidi. Hakuzikanusha. Hakuzicheka. Amezihamisha tu. Uwezo wa kisanaa wa shairi hili haupingiki, hasa namna orodha ya vitisho inavyopokelewa na orodha ndefu ya starehe za nyumbani: vyumba, vyakula, muziki, wanawake. Lakini uwezo huo umejengwa juu ya mkopo ambao wahakiki wachache wameuliza nani aliulipa.

Na bado shairi halijamaliza. Mwishoni kabisa roho inaitwa irudi Jiangnan, kusini mwa Mto, na Jiangnan hiyo inaombolezwa. Yaani katika utungo mmoja kusini ni jehanamu na kusini ni nyumbani, na tofauti ya mbili hizi ni hatua chache kwenye ramani. Karne nyingi baadaye Yu Xin, mtumishi wa dola ya kusini ya Liang aliyetumwa kaskazini kama mjumbe mwaka 554 na kuzuiwa asirudi, aliokota maneno hayo ya mwisho na kuyafanya anwani ya utenzi wake mkuu, Maombolezo ya Jiangnan. Wakati huo Jiangnan ilikuwa imegeuka kuwa makao ya ustaarabu, kwa kuwa mwanzoni mwa karne ya 4 watawala na wasomi walikimbilia huko baada ya kaskazini kutekwa. Wakimbizi walipokuwa watu wa kusini, neno man halikufa. Lilipandishwa milimani, kwa wenyeji.

Wenyeji hao hawakukaa kimya ndani ya lugha, ingawa kimya chao ndicho kinachosikika katika vitabu. Mwaka 1976 Jerry Norman na Mei Tsu-lin walitoa hoja kwamba neno "jiang", mto, linalotumika zaidi kwa mito ya kusini ilhali ya kaskazini huitwa "he", lilikopwa kutoka lugha za jamii ya Kiaustroasia, ambamo Kivietnam na Kikhmer zimo. Hoja hiyo ikikubaliwa, basi Jiangnan, jina tamu kuliko yote katika ushairi wa Kichina, nusu yake ya kwanza ni neno la wale waliofukuzwa katika nusu ya pili.

Kisa cha Zhao Tuo kinahitaji kusomwa kwa utulivu zaidi, maana hapo jina linafanywa silaha na mtu ambaye kwa kuzaliwa halikumhusu. Zhao Tuo alikuwa mtu wa kaskazini, ofisa wa dola ya Qin, ambaye dola hiyo ilipoanguka alijitengea ufalme wa Nanyue, wenye mji mkuu mahali palipo Guangzhou ya leo. Alipotembelewa na mjumbe wa Han, Lu Jia, mwaka 196 K.K., alimpokea akiwa amefunga nywele kwa mtindo wa wenyeji na ameketi kwa kutanua miguu, jambo lililokuwa utovu wa adabu. Baadaye alijitangaza kuwa maliki. Mfalme Wen wa Han alipomtuma Lu Jia tena, mwaka 179 K.K., Zhao Tuo alijibu kwa barua ambayo Sima Qian ameihifadhi, na ndani yake amejitambulisha kuwa chifu mkuu wa man, mzee, mtumwa wa mfalme. Kijuujuu ni unyenyekevu. Lakini kwa kujiita man mwandishi anaomba ahukumiwe kwa vipimo vya man: mtu asiyejua adabu hawezi kushitakiwa kwa kuikosa. Sima Qian mwenyewe anaongeza kwamba nyumbani Zhao Tuo aliendelea na cheo chake cha zamani. Mwaka 1983 kaburi la mjukuu wake, Zhao Mo, lilifukuliwa mjini Guangzhou, na humo mkapatikana muhuri wa dhahabu uliomwita marehemu maliki. Barua ilisema hivi na muhuri vile. Walioumia kwa mchezo huu ni Wayue wenyewe, ambao jina lao lilitumiwa na mgeni aliyewatawala kama kinga katika ugomvi wake na ndugu zake wa kaskazini.

Mwaka 679 dola ya Tang iliipa eneo la Vietnam ya kaskazini jina la Annan, Kusini Iliyotulizwa. Jina hili halielezi mahali. Ni ripoti ya kazi iliyokamilika. Matokeo yake yanajulikana: nchi ilijitenga katika karne ya 10, jina likabaki katika maandishi ya Kichina, na Wafaransa wakaja kulirithi na kulifanya tusi la kikoloni. Gia Long alipoomba nchi yake itambuliwe kwa jina la Nam Viet, utawala wa Qing uliona kwamba hilo ni Nanyue ileile ya Zhao Tuo, ambayo ilikuwa imemiliki pia Guangdong na Guangxi. Silabi mbili zikageuzwa, ikawa Viet Nam. Kugeuza mpangilio wa silabi kulikuwa kuchora mpaka.

Wengi wanaosimulia kisa hiki huishia hapo, na Vietnam ikabaki mdhulumiwa safi. Lakini mwana wa Gia Long, Minh Mang, alipoitwaa Kambodia katika miaka ya 1830 aliipa jina la Tran Tay, Magharibi Iliyodhibitiwa. "Tran" ni neno lilelile la Kichina "zhen" lililokuwamo katika jina la lango la mpakani ambalo Wachina waliliita Zhennan, Kudhibiti Kusini. Mfalme huyo aliwaita raia wake Han na akawaita Wakhmer man. Mshairi wa Chu angelimtambua mara moja. Lango lenyewe liliitwa Munan, Maelewano na Kusini, mwaka 1953, kisha mwaka 1965 likawa Youyi, Urafiki; na mwaka 1979 majeshi ya nchi hizo mbili yalipigana jirani na lango hilo hilo, huko Dong Dang. Mwaka huo wa 1965 pia herufi ya jina la Wazhuang wa Guangxi, ambayo zamani iliandikwa kwa alama ya mbwa na baadaye kwa alama ya mtu, ilibadilishwa kuwa herufi yenye maana ya nguvu. Mageuzi ya maandishi ni rahisi kuliko ya mtazamo, ingawa si haki kuyabeza.

Msukumo huu wa jina kuelekea mbele haukuishia Kambodia. Historia ya Tang inasema watu wote waliokaa kusini mwa Champa, wenye nywele za kujiviringa na miili myeusi, waliitwa Kunlun. Baadaye Kunlun iliunganishwa na neno Zanj, ambalo Waarabu walilitumia kwa watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki. Na Zhao Rugua, mwaka 1225, aliandika habari za nchi aliyoiita Cengba, ambayo watafiti wameilinganisha na Zanzibar. Hapo msamiati huu unamfikia msomaji wa Kiswahili, na pia mfasiri wake. Akitaka kulifasiri neno man, kamusi itamwekea mkononi neno "mshenzi", ambalo watu wa pwani waliwaita nalo watu wa bara huku wao wenyewe wakihesabiwa Zanj na wageni waliotoka ng'ambo ya bahari. Akilitumia, atakuwa sahihi kuliko anavyodhani. Akiliepuka na kuandika "watu wa kusini", atakuwa amerudia kosa la anwani ya mwaka 1959.